Matone Chini ya Ulimi

Columbus, 14 Machi 2016

Mjomba Rugamba,

Salamu nyingi. Tafadhali usimwambie Mama kwamba nimekuandikia. Na usinipigie simu, nitalia kazini na watu wataniuliza.

Wiki iliyopita nilipata siku tatu za mapumziko nikashuka Louisville kumwona. Alinipikia, akaniambia mguu umepoa. Sikuamini. Mguu ule unaujua. Tangu vyuma vya grenedi viingie kwenye paja siku ile kambi yetu ilipovamiwa, miaka kumi na miwili sasa, hawezi kuvaa soksi upande wa kushoto. Shuka likimgusa unyayo anasema ni kama kumwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa. Vidonge vya munganga wa hopitali vilimfanya apepesuke kama mlevi. Desemba alianguka kwenye ngazi ya basi akavunjika meno mawili. Halafu mimi nimkute anapanga viti huku anaimba?

Nilikuwa natafuta taulo. Nyuma ya mataulo kulikuwa na chupa ndogo ya kahawia, ina kidude cha kudondoshea kama dawa ya macho. Juu yake pamechorwa jani. Mjomba, ni lile jani. Kila mtu analijua.

Sikumwuliza. Niliirudisha, nikanawa mikono, nikala chakula chake.

Unajua ameomba uraia, na unajua ni kwa ajili ya nani. Kaka Ndahiro yuko kambi ya Nakivale, Uganda, na mke na watoto wawili, na walituambia mzazi mwenye kadi ya kijani hawezi kumwita mtoto aliyeoa. Raia tu ndiye anaweza. Hapa Westerville, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, dada mmoja alipimwa mkojo kwa ajili ya jani hilo Jumatatu, na Jumatano alikuwa amefukuzwa. Yeye alizaliwa hapa hapa Ohio. Mama watamfanya nini?

Wewe ni shemasi, na ndiye mdogo wake aliyebaki. Atakusikiliza. Lakini mwulize polepole.

Teta

*

Buffalo, 21 Machi 2016

Dada yangu mkubwa, Mama Ndahiro,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Sisi huku wazima. Theluji bado ipo. Sandrine na watoto wanakusalimu.

Bon, sitazunguka. Nimesikia una chupa ya bangi nyumbani mwako. Usiulize nani ameniambia.

Wewe ndiye uliyenifunga kiwiko kwa kitenge chako siku ile, huku wewe mwenyewe unavuja damu. Donc, ninalokuambia nakuambia kwa heshima, lakini nitakuambia. Unataka kutuua? Hapa karibu na Grant Street kuna mtu wetu mmoja alikutwa na msokoto mmoja garini. Alidhani ni faini. Leo hajui kama atabaki nchi hii, mke wake hatoki nje, mlangoni hawafungui mpaka wasikie Kiswahili. Na yeye hakuwa na mtoto anayemngoja Nakivale.

Mwili wangu pia unauma. Kiwandani Tonawanda nasimama kwenye mashine kwa saa kumi mfululizo, na mkono huu uliopigwa risasi, vidole viwili vinawaka kama nimeshika waya wa umeme. Je, nimekimbilia majani? Nilikwenda hopitali. Nina kopo lenye jina langu, lililoandikwa na munganga aliyesoma. Hiyo ndiyo njia ya mtu anayemwogopa Mungu na anayeiogopa serikali.

Imwage. Leo. Chupa usiitupe kwenye takataka za jengo lenu. Ipeleke mbali.

Mdogo wako,
Rugamba

*

Louisville, 2 Aprili 2016

Ndugu yangu Rugamba,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Najua ni Teta. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kula.

Sasa nisikilize na wewe. Sivuti kitu. Kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli, kuna mama anaitwa Charlotte. Mume wake alikuwa mkulima wa tumbaku. Siku hizi serikali ya Kentucky imewaruhusu wakulima wachache kujaribu hempu. Ni ndugu wa bangi, jani linafanana, lakini hailevyi. Wanaikamua mafuta. Kwenye chupa pameandikwa herufi tatu, C, B, D. Charlotte aliniona navua kiatu kila saa, nikilia kimya juu ya mashuka ya watu, akaniletea.

Unadhani sikuogopa? Siku ya kwanza niliweka matone mawili chini ya ulimi, nikakaa kitini na Biblia mapajani, nikingoja kulewa. Nilijiambia kichwa kikizunguka tu natapika. Hakikuzunguka. Nilisoma Zaburi tano, na kila neno nililielewa. Siku ya nane hivi niliamka asubuhi shuka liko juu ya mguu wangu. Juu yake, Rugamba! Moto haukuisha. Ulisogea, kama mtu aliyehama chumba akaenda cha pili. Bado namsikia, lakini hanikalii tena kifuani.

Kisha nikafanya ujinga. Nilimwuliza munganga wangu. Hakunigombeza. Alisema utafiti kwa watu bado mdogo, wengine wanasaidika na wengine hapana, na yeye hawezi kuniandikia wala kujua kila kilichomo chupani. Halafu akageukia kompyuta akaandika. Aliandika kwa muda mrefu. Sikuthubutu kuuliza anaandika nini. Tangu siku ile kila bahasha yenye dirisha, zile za serikali, ikija naiweka mezani naizunguka kama nyoka.

Kwa hiyo usidhani umenifundisha woga. Nilikuwa nao.

Nimeimwaga. Niliimwaga kwenye sinki la kazini, na chupa niliiponda. Charlotte nimemwambia kanisa langu limekataa. Umefurahi?

Dada yako,
Nyirabeza

*

Buffalo, 13 Aprili 2016

Dada,

Umefanya vema. Mungu ameona.

Naandika haraka. Kuna mzee mmoja hapa kanisani, hana bima, ana maumivu makali. Nimekumbuka ule mwaka walipokutoa kipande cha chuma pajani, walikupa vidonge vikali vya maumivu na ukaviacha kwa sababu vilikutapisha. Kama bado vipo usivitupe. Vifunge vizuri kwenye bahasha, andika jina langu, na utume kiwandani, si nyumbani. Nyumbani watoto wanafungua kila kitu. Anwani iko nyuma ya karatasi hii.

Ufanye upesi, dada. Mzee anateseka.

Rugamba

*

Louisville, 22 Aprili 2016

Ndugu yangu,

Vilikuwa tisa. Nimevifunga kwenye kipande cha leso ndani ya bahasha hii. Mwambie mzee asivitumie bila kula.

Mguu umerudi. Umerudi na hasira, kama mtu aliyefukuzwa. Kazini nimevaa kandambili upande mmoja, na shefu wetu wa kazi ameuliza mara mbili. Ukutani nimebandika yale maswali mia moja ya uraia. Ninayasoma nimesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu nikikaa unyayo unagusa zulia.

Bahasha yenye dirisha imekuja kweli. Si ya polisi. Ni tarehe yangu ya mahojiano: tisa Juni. Nimeomba wasiniulize habari za dawa, kisha nikamwomba Mungu msamaha, maana nilikuwa namwomba anisaidie kuficha.

Nyirabeza

*

Buffalo, 9 Mei 2016

Dada Nyirabeza,

Mimi si mtu wa barua, lakini simu nashindwa, watoto wako karibu.

Rugamba alianguka. Hakufa. Naanza na hiyo usome hii ingine ukiwa na pumzi.

Ilikuwa Alhamisi saa ya chakula. Kule Tonawanda walimwona ameingia chooni, hatoki. Mwenzake alipiga mlango, akaona viatu vyake havitikisiki. Walivunja mlango. Alikuwa amekaa, midomo ya buluu, hapumui. Watu wa ambulensi walimpulizia dawa puani, mara ya kwanza kimya, mara ya pili akavuta pumzi. Munganga aliniambia ni vidonge. Nikasema hapana, mume wangu ni shemasi. Akasema mama, ni vidonge.

Kutoka kwenye koti lake walinipa vitu viwili. Karatasi ya plastiki na vidonge vya buluu ndani, havina jina la mtu. Na bahasha, ndani yake kipande cha leso tu. Maandishi ni yako.

Dada, ulimtumia nini?

Sandrine

*

Louisville, 13 Mei 2016

Sandrine mke wa ndugu yangu,

Nilimtumia vidonge tisa vyangu vya zamani. Aliniambia ni vya mzee wa kanisa. Sikuuliza jina la mzee. Ningeuliza angalau jina.

Niambie kama ni mimi niliyemuua nusu. Usinifiche kwa kunihurumia. Naogopa kufungua sanduku la barua, lakini andika.

Nyirabeza

*

Buffalo, 29 Mei 2016

Dada yangu mkubwa,

Sandrine ameniwekea karatasi mbele akaketi. Amesema hatanyanyuka mpaka nimalize.

Si wewe. Vyako nilivimaliza siku mbili tu baada ya bahasha kufika. Kilichoniangusha ni kimoja nilichonunua kwa mtu kwenye maegesho ya magari. Hopitalini walisema ndani yake kulikuwa na sumu nyingine, kali kupita ile niliyoizoea. Mzee wa kanisa hakuwepo. Mzee ni mimi.

Munganga alinipa vile vya kwanza kwa ajili ya mkono, kwa haki kabisa. Kwa miaka mitatu vilinifanya nifanye kazi. Septemba iliyopita akasema hawezi kuniandikia tena. Nilipoacha, mkono uliwaka, na mwili mzima ukawaka pamoja nao. Nilitapika, nilitetemeka, nikasingizia mafua. Kisha mtu akanionyesha mtu. Dada, nilipokuandikia habari ya kopo lenye jina langu, dawa ya munganga ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimejaza ndani ya kopo vile vya maegesho ili Sandrine asome jina langu na kutulia.

Nilikugombeza kwa sababu yako ilikuwa na jani juu yake, na yangu ilikuwa na karatasi nyeupe ya hopitali. Niliona jani tu. Na nilifurahi, nikuambie ukweli, nilifurahi kupata mtu wa kumwogopea ili nisijiogopee.

Sasa kila asubuhi nakwenda kliniki, wananipa dawa ya kunitoa humo polepole. Munganga mpya, mwanamke mpole, aliniambia New York tangu Januari ina kadi ya bangi ya tiba kwa wagonjwa, na maumivu ya neva yamo, na yako matone yenye C-B-D nyingi na ile ya kulevya kidogo mno. Nilicheka mpaka akadhani ninaumwa. Nilimwambia kadi hiyo ina jina, na mimi si raia, ningoje kwanza. Alisema anaelewa kwa nini naogopa. Hakusema nisiogope.

Mahojiano yako yamekaribia. Nimefikiri sana juu ya ile bahasha ya vidonge uliyonitumia. Usiseme uongo kwa ajili yangu. Lakini Ndahiro je? Sijui. Mimi leo si mtu wa kukushauri.

Rugamba

*

Louisville, 11 Juni 2016

Ndugu yangu,

Uko hai. Haya mengine nakuambia kwa mpangilio.

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda kwa wakili wa ofisi ya wakimbizi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilimwambia yote. Nilianza na mafuta, nikidhani hapo ndipo atapiga kelele. Alisikiliza, akaandika, akasema sheria ya Kentucky na ile ya nchi nzima hazisemi kitu kimoja juu ya hempu, nikae mbali nayo mpaka mambo yaishe. Nilipofika kwenye vidonge ndipo alipoweka kalamu chini. "Kwa posta?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, kwa posta. Akafumba macho kidogo.

Rugamba, mwezi mzima nilitetemeka kwa ajili ya matone, na kumbe kosa lilikuwa kwenye leso.

Akaniambia naweza kuahirisha. Akaniambia pia kwamba kwenye karatasi kuna swali: umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo? "Ukiulizwa," akasema, "siwezi kukuambia useme uongo." Nilikaa na hilo siku tano.

Yule ofisa ni kijana, ana pete mpya. Maswali ya historia aliniuliza sita, nikayajibu yote sita. Niliandika sentensi yake, nikasoma sentensi yake. Alikuwa anatabasamu. Kisha akaanza yale ya ndiyo na hapana, haraka haraka, kama mtu anayeimba wimbo alioukariri. Nikasema no, no, no. Alipofika kwenye lile swali, mguu uliwaka mpaka machozi yakanitoka, na mdomo wangu ukasema, "Yes."

Aliacha kutabasamu. "Ma'am, umelielewa swali?"

"Nimelielewa. Nilimtumia ndugu yangu dawa yangu ya hopitali. Tisa. Alikuwa anaumwa. Sikuchukua pesa."

"Unajua hairuhusiwi?"

"Sasa najua."

"Wakati ule?"

"Wakati ule nilikuwa naogopa kitu kingine."

Wakili, aliyekuwa ameketi kando yangu, alizungumza kwa Kiingereza cha kasi, sikukifuata. Yule kijana aliandika kwa muda mrefu. Safari hii niliuliza. Nilisema, "Tafadhali, unaandika nini?" Akaigeuza karatasi nione. Aliandika nilivyosema, si zaidi. Mwisho akanipa karatasi iliyotiwa alama kwenye kisanduku: uamuzi bado.

Teta alikuwa ananingoja nje. Nilimwambia tulipofika kwenye gari. Alipiga usukani kwa viganja vyote viwili, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Nilimwambia sijui. Hata sasa sijui. Kama Ndahiro atabaki kule kwa ajili ya neno langu moja, nitamwambia nini?

Nyirabeza

*

Buffalo, 10 Julai 2016

Dada,

Jumapili nilisimama kanisani nikarudisha ushemasi. Nilisema yote, hata choo, hata maegesho. Sandrine alisimama nami, hakunishika mkono lakini alisimama. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Watu walitazama viatu vyao.

Nilidhani hakuna atakayenisalimu tena. Tulipotoka, mzee Balagizi alikuja mpaka kwenye gari langu, akatazama nyuma yake, akauliza ile kliniki inafungua saa ngapi. Jumatatu akanipigia mama mmoja wa kwaya. Jumatano wawili. Kila mmoja anasema anauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Siwaulizi jina la huyo mtu. Nawapa anwani tu, nawaambia nitawasindikiza.

Mkono unawaka. Mashine wamenipa nyingine, nyepesi. Bado sijachukua kadi.

Barua yako ya uamuzi imefika?

Rugamba

*

Louisville, 18 Oktoba 2016

Ndugu yangu Rugamba,

Ilifika mwezi wa tisa. Niliiacha mezani siku mbili, mpaka Teta akaendesha kutoka Columbus kuja kuifungua. Aliisoma, kisha akakaa sakafuni. Wamekubali. Hawakueleza kwa nini. Wakili anasema labda yule kijana aliniamini, labda mkubwa wake alikuwa na kazi nyingi, hatutajua.

Jumanne iliyopita niliapa. Tulikuwa watu wengi, kila nchi. Nilisimama muda wote kiatu kimoja kikiwa mkononi, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Nimeanza tena matone. Safari hii mimi mwenyewe nilimwambia munganga ayaandike kwenye faili langu, na amepunguza vile vidonge vya kunilewesha. Moto unahama polepole, si kama mara ya kwanza. Siku nyingine hauhami kabisa. Na bado gari likisimama chini ya dirisha langu nanyamaza mpaka liondoke. Nilidhani karatasi ya uraia itauondoa huo woga, lakini haikuuondoa.

Asubuhi baada ya kuapa nilipeleka fomu ya kumwita Ndahiro kwenye ofisi ya wakimbizi. Mama wa pale ofisini aliipokea vizuri, akagonga muhuri. Nikamwuliza atakuja lini. Akasema kwa mtoto aliyeoa foleni ni ndefu, wanakadiria miaka kumi na miwili. Nilidhani Kiingereza changu kimekosea, nikamwomba aandike. Akaandika 12, akaizungushia duara.

Nitakuwa na miaka sitini na sita. Mguu huu, vyovyote ulivyo, lazima unifikishe uwanja wa ndege nikitembea mwenyewe. Na wewe uwepo. Nataka uwepo, Rugamba, umesikia? Chukua hiyo kadi au usichukue, lakini nenda kliniki kila asubuhi.

Jana Ndahiro alinipigia, akaniuliza ni lini. Nyuma yake nilisikia watoto. Nilimwambia karatasi zimekwenda, amshukuru Mungu. Ile miaka sijamwambia. Wewe pia, akikupigia, usimwambie bado.

Dada yako,
Nyirabeza